Sahani Isiyo na Namba

“Mtu mwenye jiko lake nyumbani akikuita mkale nje, unadhani anakimbia nini?”

Aliyeuliza ni jirani wa mlango wa pili, muuza mkaa. Aliuliza siku ya Ijumaa, akiwa ameinamia gunia lake, na hakuinua hata uso. Mama Pasi alikuwa amesimama mbele yake akingoja kupimiwa, na alikuwa ametoka tu kumweleza, kwa furaha aliyojaribu kuificha, kwamba wifi yake amewaalika mgahawani, yeye na binti yake, kesho saa nane mchana, wakale na wazungumze mambo ya shule.

“Hakimbii kitu,” alisema Mama Pasi. “Anataka tukae vizuri tuzungumze.”

“Kwake hakuna viti?”

“Viti vipo.”

“Haya,” alisema muuza mkaa, akamwongezea vipande viwili juu ya ndoo iliyokwisha kujaa. “Mimi nimeuliza tu, shoga yangu. Siku hizi hata ukiuliza watu wananuna.”

Mama Pasi hakununa. Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amenyoosha mashuka na mashati ya watu katika nyumba ya dobi iliyokuwa nyuma ya benki, na viganja vyake vilikuwa vimekauka na kung'aa kama vimepakwa nta. Tangu mumewe afariki, miezi saba sasa, tajiri wa dobi alikuwa ameleta mashine ya kunyooshea mashuka, na zamu zake sita za wiki zikabaki tatu. Nyumbani jiko liliwashwa mara moja, jioni. Asubuhi binti alikwenda shule na chai kavu, akarudi saa kumi akilamba midomo iliyokauka. Mama Pasi hakumwambia mtu, lakini ukuta wa mbao hauzuii harufu ya chakula, na jirani akikosa kuisikia mchana siku ya tatu, ya nne, anajua.

Ndipo wifi, dada wa marehemu, akaja na habari njema. Binti aje akae kwake. Kuna shule dakika tano kutoka mlangoni. Taa ya kusomea ipo, kitanda kipo, chakula kipo. Mama atie saini tu karatasi ya malezi, basi, mambo mengine aachiwe yeye shangazi mtu.

Mama Pasi aliliombea jambo hilo siku tatu. Kila alipomaliza sala alijikuta moyo umekuwa mzito kuliko alipoanza, akajikaripia, akasema huu ni uchoyo wa mama, na uchoyo hauwezi kuwa jibu la Mungu. Kufikia Ijumaa alikuwa amekubali. Alichotaka ni kimoja tu, aisome ile karatasi kwa macho yake kabla ya kushika kalamu.

* * *

Mgahawa wa Kithai ulikuwa umebanwa kati ya duka la vipuri vya friji na ngazi ya kupandia ofisi za ghorofani. Ulikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza saba, vigoda vya plastiki vyekundu, na feni ya ukutani iliyogeuza shingo taratibu kama mtu anayetafuta aliyemwita. Ukutani kulibandikwa picha za vyakula zilizopauka kwa jua, kila picha na namba yake. Mwisho wa chumba kulikuwa na pazia la plastiki, na nyuma ya pazia moto mkubwa ulinguruma, karai likagongwa, na moshi wa pilipili ukatoka na kuwakohoza hata waliozoea. Ng'ambo ya barabara ilionekana saluni ya wifi, mlango wazi, viti vyote viwili vitupu.

Wifi alikuwa amekwisha kukaa, pamoja na kaka yake mkubwa. Huyo kwa Mama Pasi ni shemeji, kwa binti ni baba mkubwa. Alikuwa karani wa stoo ya saruji, mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni.

“Karibu wifi,” alisema wifi bila kuinuka. “Mmechelewa. Mlikuja kwa miguu?”

“Tulipanda gari. Tulishuka mbele kidogo.”

“Naona vumbi la viatu ndiyo maana nikauliza. Kaeni, kaeni. Kijiti, mwanangu, umezidi kurefuka. Siku moja utatoboa dari la watu.”

Kijiti ni jina alilopewa na baba yake, kwa urefu na wembamba. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alimwamkia baba yake mkubwa, akamwamkia shangazi yake, akaketi pembeni ya mama yake akitazama meza.

Katikati ya meza kulikuwa na kisinia cha bati chenye vikopo vinne, pilipili ya kusaga, sukari, siki yenye pilipili mbichi, na mchuzi wa samaki wenye harufu kali, na kando yake karatasi ya chooni ndani ya kopo la plastiki. Mama Pasi aliitazama ile karatasi. Kisha akatazama pazia, akauliza kwa sauti ya chini, “Maji ya kunawa yako wapi, wifi?”

“Hapa hatunawi. Tunakula kwa kijiko. Na hiyo karatasi ni ya kufutia mdomo, usije ukaondoka nayo kwenda uani.” Wifi alicheka, akamtazama kaka yake ili naye acheke. Shemeji alitabasamu upande mmoja. Kwenye meza ya jirani vijana wawili wa duka la vipuri, wenye maovaroli ya mafuta, waligeuka.

“Mimi sijawahi kula hapa,” alisema Mama Pasi.

“Najua. Ndiyo maana nimekuleta.”

Mwenye mgahawa alikuja, mwanamke Mthai wa makamo, nywele amezifunga kwa kitambaa, kijitabu mkononi. Alizungumza Kiswahili cha mtu aliyejifunza sokoni, kifupi na chenye haraka. “Namba ngapi?”

Mama Pasi aliinua macho ukutani akaanza kusoma. Alisoma taratibu, kama alivyosoma kila kitu, akifuata mistari kwa kidevu.

“Usisome bei, wifi, soma picha,” alisema wifi. Akamgeukia mwenye mgahawa. “Yeye mpe saba, hizo tambi pana za karanga. Kaka mpe kumi na mbili, supu ya uduvi. Mimi thelathini na moja, ule mchuzi wa kijani.”

“Na Kijiti?” aliuliza Mama Pasi.

“Kijiti wataleta.”

Mwenye mgahawa aliandika, akachana kikaratasi, akakichomeka chini ya kisinia cha vikopo, akaondoka. Kijiti aliinuka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye rafu fupi iliyofichwa na pazia, akachukua vikombe vinne vya bati na jagi la maji ya barafu, akarudi akamimina. Hakuna aliyemwonyesha vikombe vilipo. Mama Pasi aliliona hilo, akaliweka kando, kama anavyoweka kando shati lenye kibandiko cha namba asiyoijua, mpaka ajue ni la nani.

* * *

Chakula hakikuja pamoja. Supu ya shemeji ilitangulia, ikitoa mvuke wa mchaichai na ndimu, nyekundu kwa pilipili. Shemeji akaanza kunywa. Ikaja ya wifi, mchuzi wa nazi uliokolea rangi ya majani. Zikaja tambi za Mama Pasi. Sahani zote zilikuwa za plastiki ngumu, nyeupe, zenye ua dogo ukingoni. Mama Pasi aliacha kijiko chini.

“Kula, zitagandana.”

“Namngoja mtoto apate yake.”

“Hapa hatungojani. Kila mtu anakula kikifika.”

Mama Pasi alifumba macho akaomba. Haikuwa sala ndefu, lakini wifi alikwisha kumeza mara mbili.

“Mungu amesikia, wifi,” alisema. “Kachoka, mwache naye ale.”

Vijana wa maovaroli wakacheka. Kijiti aliinamisha kichwa zaidi. Mama Pasi alimaliza sala yake pale alipokusudia kuimalizia, akafumbua macho, akaanza kula. Tambi zilikuwa tamu na chachu kwa pamoja. Alishangaa kuona mate yanamjaa kinywani. Kando yake mtoto wake alikunywa maji.

“Sasa,” alisema wifi, “kaka, toa.”

Shemeji alifuta vidole, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha karatasi moja iliyopigwa chapa. Akaiweka mbele ya Mama Pasi, akaikandamiza pembeni kwa kopo la sukari isipeperushwe na feni. Akatoa na kalamu moja kati ya zile tatu.

“Hapo chini,” alisema. “Jina na saini. Tarehe nimeweka mwenyewe.”

“Nisome kwanza.”

“Imeandikwa yale yale tuliyozungumza.”

“Nisome kwanza, shemeji.”

Wifi akavuta pumzi kwa pua. “Msomee, kaka. Hapa tutakesha.”

“Ninajua kusoma,” alisema Mama Pasi.

Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Mimi niliyetaja jina langu hapo chini, mzazi halali. Kidole kikateremka. Namkabidhi binti yangu kwa shangazi yake kwa ajili ya malezi, makazi na shughuli zote halali. Akarudi juu, akateremka tena. Feni ikageuka, ikampulizia pilipili ya jikoni, akakohoa, akasoma mara ya tatu.

“Sijaona shule.”

“Shule iko kwenye malezi,” alisema wifi. “Mtu akilea, si anasomesha?”

“Na hizi shughuli ni shughuli gani?”

“Shughuli za mtoto wa kike. Afagie, aoshe vyombo, ateke maji. Kwako haoshi vyombo? Au ndiyo unamlea awe malkia, tuje tumbebe kwa kiti?”

“Naomba iandikwe shule. Jina la shule na darasa.”

“Wifi yangu.” Wifi aliweka kijiko chini. Sauti ilikuwa tamu bado, lakini ilikuwa imeanza kukwaruza. “Mimi nimeacha saluni saa hizi, Jumamosi, wateja wananisubiri. Nimekununulia chakula. Nimemtoa kaka kazini. Yote hayo kwa ajili ya mtoto wa ndugu yangu, ambaye wewe unamlisha chai. Sasa unataka kunifanyia mtihani?”

Shemeji aligonga karatasi kwa ukucha, pale penye nukta za saini. “Tia tu, shemeji. Shule itaongezwa baadaye. Ni jambo la mstari mmoja.”

Mama Pasi alimtazama binti yake. Alitafuta usoni pake chochote cha kumsaidia. Kijiti alikuwa anatazama pazia. Mifupa ya shingo yake ilionekana juu ya kola, na kola yenyewe, ingawa mama yake aliinyoosha asubuhi ile ikasimama, ilikuwa imepwaya kana kwamba ni ya mtu mwingine. Chakula kipo, taa ipo, kitanda kipo. Mama Pasi akashika kalamu.

Hapo ndipo pazia likafunuliwa, na mwenye mgahawa akaja na sahani ya nne.

* * *

Ilikuwa sahani ya bati, ya buluu, iliyobanduka rangi ukingoni. Ndani kulikuwa na kilima cha wali, yai la kukaanga juu yake, na kabichi kidogo. Mwenye mgahawa aliiweka mbele ya Kijiti, akampiga bega kidogo kwa kiganja, akageuka kuondoka.

Mama Pasi aliacha kalamu. Mtu aliyepanga nguo za watu miaka kumi na moja huiona iliyochanganywa hata kabla ya kujua kwa nini ameiona. Akatazama meza zote saba. Nyeupe zenye ua, kila mahali. Akatazama mwisho wa chumba, ambako pazia lilibaki limekunjika. Nyuma yake mwanamke mmoja wa jikoni alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ana kisu kwapani, anakula upesi upesi. Sahani yake ilikuwa ya buluu. Wali, yai, kabichi. Karibu naye palikuwa na beseni kubwa na mlima wa vyombo vichafu, na hapakuwa na mtu wa kuviosha.

Akavuta kikaratasi chini ya kisinia. Saba. Kumi na mbili. Thelathini na moja.

“Dada,” alimwita mwenye mgahawa. “Hii hamkuiandika.”

“Hiyo haiandikwi.”

“Kwa nini?”

“Ya wafanyakazi. Wafanyakazi hawalipi.” Mwenye mgahawa aliona uso wa Mama Pasi, akadhani hajaelewa, akaeleza zaidi kwa nia njema. “Leo anakula tu. Jumatatu anaanza. Saa tatu asubuhi. Mwambie avae viatu vya kufunga, huko nyuma kunateleza. Alhamisi alikuja na ndala, nikamwambia.”

Alhamisi. Siku ya Alhamisi Kijiti alichelewa kurudi, akasema walibaki darasani kwa ajili ya hesabu.

Wifi alicheka kidogo. “Ni kazi ya kushikiza tu, wifi. Saa chache. Nilitaka kukwambia tukishamaliza kula.”

“Saa tatu asubuhi watoto wako darasani.”

“Atasoma jioni. Kuna watu kibao wamesoma jioni na leo wana magari.”

Mama Pasi alikuwa bado anamtazama mwenye mgahawa. “Mshahara wake anapewa nani?”

“Mama yake,” alisema mwenye mgahawa, akamwonyesha wifi kwa kijitabu. “Mwisho wa mwezi. Lakini mimi nimesema, mtoto hana kitambulisho, mimi sitaki maneno na watu wa serikali. Lete karatasi, mzazi atie saini. Karatasi ndiyo hiyo, si ndiyo?”

“Mimi ndiye mama yake.”

Mwenye mgahawa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Nyuma karai liligongwa, mtu akamwita kwa lugha yao. Hakuwa na muda wa mambo ya ukoo wa watu. “Basi wewe utie saini,” alisema. “Siku ya tatu leo sina mtu wa kuosha. Kama haji, niambieni sasa, kuna wengine wanaomba.” Akaondoka.

Shemeji alikuwa anambandua uduvi ganda lake, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba anafanya upasuaji.

“Shemeji,” alisema Mama Pasi, “hii karatasi umeiandika wewe.”

“Niliandika nilivyotajiwa.”

“Ulijua?”

“Nilijua kuna kazi. Sikujua…” Akaweka ganda ukingoni mwa sahani. “Mimi si msemaji wa mambo haya. Dada yangu ndiye aliyeyapanga.”

“Huyo ni mtoto wa mdogo wako.”

Shemeji akachukua uduvi mwingine.

Utamu wote ulikuwa umekwisha kwenye sauti ya wifi. “Basi na iwe wazi,” alisema. “Ndiyo, nimemtafutia kazi. Kuna ubaya gani? Unamwonea haya kuosha vyombo, na wewe unaosha chupi za wageni wa hoteli?”

“Nanyoosha. Siwaibii watoto wa watu.”

“Nani kaiba? Atakaa kwangu bure? Atalala, atakula, atawasha taa yangu, halafu mshahara nikuletee wewe? Saluni ile unaiona? Tangu asubuhi ameingia mteja mmoja, naye kaja kuulizia choo.” Alikuwa amepandisha sauti, na sasa mgahawa mzima ulisikiliza. “Ndugu yangu alikufa amekonda kama waya wa baiskeli. Ulimlisha nini? Hizo sala zako?”

“Ndugu yako alikufa kwa mapafu. Alilazwa wiki tisa. Ulikuja mara moja, ukakaa mlangoni, ukasema harufu ya wodi inakupa kichwa.”

“Ona alivyo na mdomo. Kumbe unao.”

“Ninao.”

“Basi utumie kumweleza mwanao atakula nini kesho.”

Mama Pasi alisukuma ile karatasi hadi mbele ya shemeji, na kalamu yake juu yake. Akamgusa binti mkono. “Simama twende, mwanangu.”

Kijiti hakusimama.

“Mama,” alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu aketi, na alisema akiliambia yai. “Tia saini.”

“Unasemaje?”

“Tia saini tu. Huyu mama wa mgahawa si mbaya. Hapa wanakula mara mbili, saa nne na saa tisa. Nimeuliza. Na Alhamisi nilipewa.”

Wifi aliegemea nyuma. Kigoda hakikuwa na pa kuegemea, ikambidi ashike ukuta. “Umesikia?” alisema kwa upole wote. “Umemsikia mwenyewe? Mimi sijamfundisha.”

Vijana wa maovaroli walikuwa wameacha kutafuna. Mama Pasi alihisi joto likimpanda kifuani hadi masikioni, joto lile la pasi inapofunguliwa mvuke usoni, na akajua kila mtu mle ndani anamwona, na anaona nini. Angelia pale, wifi angempa ile karatasi ya kwenye kopo ajifute. Alikaa. Alingoja mpaka pumzi ikarudi mahali pake, akimtaja Mungu moyoni, si kwa kuomba kitu, kwa kumtaja tu.

Kisha akainua mkono, kama mteja.

“Dada, njoo. Wali na yai ni namba ngapi pale ukutani?”

Mwenye mgahawa alikuja akifuta mikono kwenye aproni. “Nne. Lakini hiyo ya mtoto si namba nne. Hiyo haina namba.”

“Iandike nne.”

“Nimesema ni bure.”

“Nimesikia. Iandike.”

“Huyu mwanamke kichaa,” alisema wifi. “Analipia cha bure.”

Mwenye mgahawa alimtazama Mama Pasi muda kidogo. Labda alielewa, labda alichoka tu. Aliinua mabega, akakivuta kile kikaratasi, akaandika nne chini ya thelathini na moja, akaandika na bei. Mama Pasi akafungua pochi yake. Ndani mlikuwa na nauli yao wawili ya kurudi, na, iliyokunjwa peke yake ndani ya kipande cha kitambaa, sadaka ya kesho. Nauli haikutosha. Akafungua na kile kitambaa. Akaziweka zote mezani, akazisogeza kwa vidole viwili.

“Na tambi zako nitazilipia mimi, usiwe na wasiwasi,” alisema wifi. “Umezila mbili tatu, lakini nitalipa. Na nikwambie kitu. Ukitoka kwenye mlango ule, kwangu msibishe hodi. Si wewe, si yeye. Awe mgonjwa, awe na njaa, hata ukifa wewe akabaki peke yake, mimi simjui. Kaka ni shahidi.”

Shemeji hakusema kwamba yeye ni shahidi, wala hakusema kwamba si shahidi. Aliikunja karatasi yake akairudisha kwenye bahasha, maana ilikuwa haijachafuka.

“Kula,” Mama Pasi alimwambia binti.

“Sitaki tena.”

“Kula. Ni chako, kimelipiwa. Hakuna anayekudai.”

“Tutarudije nyumbani?”

“Kula kwanza.”

Kijiti alishika kijiko. Alianza polepole, akikata yai ukingoni, kisha njaa ikamshinda na aibu ikakaa pembeni. Alikula wali wote. Alikula kabichi. Wifi alimtazama kila tonge, midomo ameikunja. Shemeji alitazama barabarani. Mama yake alitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza. Machozi mawili ya msichana yaliangukia kwenye wali, naye akayala pamoja nao, na hakuna aliyejua kama ni ya pilipili ya jikoni au ya hasira, na kama ni ya hasira, inamwelekea nani.

Alipomaliza aliinuka na sahani mkononi.

Pengine hakufikiri. Mtoto aliyelelewa vizuri akimaliza kula huinua chombo chake. Alipiga hatua mbili kuelekea nyuma. Mwenye mgahawa, aliyekuwa amesimama karibu na pazia, alimwona anakuja, akalishika pazia kwa mkono mmoja akalifungua, ili apite. Ule mlima wa vyombo ukaonekana, na beseni lenye povu lililolala, na ndoo tupu ya kukalia.

“Haya,” alisema wifi. “Miguu yenyewe inajua.”

Mama Pasi alitaka kumwita, akaliuma jina lake kwa meno. Alichokuwa nacho cha kulipa alikwisha kulipa. Kama atamwita na asigeuke, basi yamekwisha.

Kijiti alisimama kati ya meza na pazia, sahani ya buluu ameishika kwa mikono miwili. Feni ilimpita kichwani, ikaenda, ikarudi. Mwenye mgahawa aliendelea kushika pazia. Kisha msichana akageuka, akarudi hatua zile zile mbili, akaiweka sahani mezani mbele ya shangazi yake, kijiko ndani yake, na makombo yake yote. Hakumtazama shangazi, hakumtazama baba yake mkubwa, na mama yake pia hakumtazama. Akapita katikati ya vigoda vyekundu, vijana wa maovaroli wakamsogezea miguu, akatoka nje juani.